Reli mbili za Malampaka

Mkazi wa Bariadi anayetaka kusafiri kwa treni huanza kwa kupanda basi, maana reli haijafika mjini kwake. Kituo cha mkoa wake, Simiyu, ni Malampaka, wilayani Maswa, kwenye njia ya Tabora–Mwanza iliyokamilika mwaka 1928 na kusafirisha marobota ya pamba ya Usukuma kwa miongo mingi. Sasa ujenzi wa reli ya kisasa (SGR) ya Mwanza–Isaka, uliowekewa jiwe la msingi na Rais Samia Suluhu Hassan Juni 2021, umeleta reli ya pili ukanda huohuo. Lakini treni ya zamani haiwezi kuhamia njia mpya: reli kongwe ina upana wa milimita 1,000, mpya 1,435.

Kipimo cha mita moja tulikirithi kwa wakoloni. Wajerumani walikitumia walipoanza reli ya Tanga mwaka 1893, wakakirudia kwenye Reli ya Kati iliyoanza Dar es Salaam 1905 na kufika Kigoma 1914. Waingereza nao walikichukua kutoka India walipoanza kujenga kutoka Mombasa mwaka 1896. Ndiyo maana, walipounganisha Voi, kwenye reli ya Mombasa, na reli ya Tanga wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, upana haukuwa kikwazo.

TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyokabidhiwa mwaka 1976, ikafuata milimita 1,067 za Zambia na nchi za kusini. Tofauti ni milimita 67 tu, haifikii upana wa kiganja, lakini ilitosha kuzitenga reli mbili za nchi moja. Mwaka 1998 kikafunguliwa Kidatu kituo cha kuhamishia mizigo kutoka behewa hadi behewa.

Wapenzi wa treni ndogo za mezani huko Ulaya wanaujua vizuri mkasa huu. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilianza kuweka vipimo maalumu vya reli za treni za kuchezea mwaka 1891. Katika kipimo maarufu cha H0, kila kitu hupunguzwa mara 87: SGR inakuwa na upana wa milimita 16.5, na ile ya Malampaka ya mwaka 1928 milimita 12 hivi.

Hata upana ukilingana, treni kongwe ya mezani inaweza kugoma. Gurudumu la treni lina mdomo unaoshuka upande wa ndani wa reli ili lisitoke njiani. Kwenye treni ndogo za zamani mdomo huo ni mrefu, ilhali reli za kisasa ni fupi: nyingine zina kimo cha milimita 1.9, badala ya 2.54 iliyozoeleka. Mdomo hugonga vishikizo vya reli, treni ikarukaruka, na penye swichi ikaacha njia. Fundi hukereza gurudumu, hubadili ekseli, au huitengea treni kongwe njia yake.

Tanzania imechagua kutenga njia: SGR inajengwa kando, reli ya mita moja (MGR) inaendelea na kazi. Mpaka vipande vyote vya SGR viungane hadi Dar es Salaam, robota litakaloanza safari kwa reli mpya litalazimika kushushwa na kupakiwa upya njiani, kama Kidatu. Gharama ya zile milimita 435 itamwangukia mwenye pamba.