Nyumba Hula Msitu Mara Mbili

Katika parokia zetu watu wengi wanatengeneza upya nyumba walizoachiwa na wazazi. Mmoja anabadili mabati, mwingine anaongeza chumba, mwingine anabomoa ukuta wa zamani ili asimamishe mpya wa matofali ya saruji. Kutunza nyumba ni kazi njema. Lakini kabla ya kushika nyundo yafaa tuulize: wazee waliojenga nyumba hizi walijua nini, na sisi tumesahau nini? Tukitazama historia ya nyumba za Katanga na za ukingo wa ziwa Tanganyika, tutaona kwamba nyumba hula msitu mara mbili. Hula siku inapojengwa, tena hula kila siku jikoni.

Nyumba ya kijiji cha zamani ilikula kidogo. Ilitaka nguzo chache, fito, kamba za magome, udongo na nyasi. Hakuna kilichochomwa motoni. Ilipochakaa ilirudi ardhini. Paa lake nene la nyasi lilizuia jua la mchana, likashika joto usiku wa baridi. Lakini tusiisifu kupita kiasi. Nyasi zilishika moto upesi, mchwa walikula nguzo, na katika nyufa za udongo walijificha papasi, ambao wakimwuma mtu humletea homa. Tena baada ya miaka michache ilipasa kujenga upya. Kwa hiyo wazee waliotamani nyumba ya kudumu walikuwa na haki.

Mwaka 1885 Mapadri Weupe walipokea kituo cha Mpala, kilichoanzishwa na Kapteni Émile Storms mwaka 1883 kwenye ukingo wa magharibi wa ziwa. Mwaka 1893 wakaanzisha misioni ya Baudouinville, yaani Kirungu, karibu na Moba. Wengi wanaikumbuka Baudouinville kwa sababu ya Stefano Kaoze, aliyepewa upadri mwaka 1917, wa kwanza kati ya Wakongomani wa nyakati hizi. Lakini katika misioni za namna hii watu walijifunza pia kufyatua matofali, kupanga tanuru na kunyosha ukuta kwa timazi. Saruji ilikuwa mbali na bei yake kubwa. Kwa hiyo waashi walijenga kuta nene kwa udongo, wakaweka baraza pana, wakaliacha paa litokeze mbele ili mvua isipige ukuta. Hawakufanya hivyo kwa kupenda madoido. Mvua na jua ndivyo vilivyowaamuru.

Huko Katanga udongo mzuri ulikuwa karibu sana, nao ulikuwa umetayarishwa na mchwa. Vichuguu vya nchi ile ni vikubwa. Kimoja huweza kupita mita 5 kwa kimo. Udongo wake ni laini, tena hushikamana vizuri. Mafundi huukata, huulowesha, huukanyaga, huufyatua, kisha huyaacha matofali yakauke. Mpaka hapo hakuna mti hata mmoja uliokatwa. Halafu tanuru hupangwa, kuni huingizwa chini yake, na moto huwaka mchana na usiku kwa siku kadhaa. Hapo ndipo nyumba inapoanza kula msitu.

Mwaka 1910 njia ya reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, mji unaoitwa Lubumbashi tangu mwaka 1966. Wafanyakazi wa migodi waliletwa kutoka mbali. Katika miaka ile ya kwanza walilala katika vibanda vibaya, na wengi walikufa kwa magonjwa, hasa ya mapafu. Tangu mwaka 1928 hivi Union Minière ilianza kuwafungia watu mikataba ya miaka mitatu na kuwaita waje na wake zao. Ndipo nyumba za matofali zilipozidi katika kambi zake. Baadaye serikali ya kikoloni iliunda Ofisi ya Miji ya Waafrika, mwaka 1952, nayo ikajenga mitaa mizima, kama Ruashi kule Elisabethville na Bagira kule Bukavu. Nyingi kati ya nyumba zinazotengenezwa leo ni za miaka ile.

Sasa tutazame jikoni. Mwaka 1930 mtambo wa umeme wa Mwadingusha ulianza kazi kwenye mto Lufira. Ukafuata wa Koni mwaka 1950, wa Nzilo mwaka 1952, na wa Nseke mwaka 1956. Je, mitambo hiyo ilijengwa ili mama wa nyumbani apike bila moshi? La. Ilijengwa kwanza kwa ajili ya shaba. Hata nyaya zilizotoka Inga na kufika Katanga mwaka 1982, safari ya kilometa 1,700 hivi, zilipita juu ya vijiji vingi bila kuviachia hata taa moja. Kwa hiyo mji ulikua, na mbabula ikabaki jikoni. Hadi leo jamaa nyingi za Lubumbashi hupika kwa makala.

Na makala yana hesabu yake. Katika tanuru la udongo la kawaida, kilo moja ya makala hutaka kilo 6 mpaka 10 za kuni. Nyingine huondoka na moshi. Ndiyo maana miombo imezidi kurudi nyuma, na baisikeli zenye magunia zinatoka mbali zaidi kuliko zamani. Tusimlaumu mchomaji makala, kwa maana anatafuta chakula cha watoto. Tusimlaumu mama anayepika, kwa maana hana moto mwingine. Lakini miombo haina kosa pia. Ikikatwa na kuachwa ipumzike, mashina yake huchipuka tena. Ikikatwa tena na tena, na shamba likafuata, na moto wa kila kiangazi ukapita juu yake, haipati nafasi ya kurudi.

Basi, anayetengeneza nyumba afanye nini?

La kwanza, asibomoe kitu kilicho kizima. Tofali la mwaka 1955 limekwisha kula kuni zake, halitaki nyingine. Ukilivunja na kuweka jipya, unachoma msitu mara ya pili kwa ukuta uleule. Hata tofali la saruji si safi kama linavyoonekana, kwa sababu saruji huzaliwa katika tanuru lenye moto wa digrii 1,450 hivi. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Katika jambo hili neno lao ni kweli kabisa.

La pili, kwa kuta za ndani zisizopigwa na mvua, tofali bichi lililokaushwa vema linatosha. Hata kwa ukuta wa nje lafaa, kama msingi ni wa mawe, na paa limetokeza vya kutosha, na ukuta umepakwa. Nyufa zizibwe kila mwaka ili papasi wasipate makao.

La tatu, paa. Bati tupu ni tanuru mwezi wa kumi, na ni barafu usiku wa mwezi wa saba. Wekeni dari chini yake, au plafo kama mafundi wasemavyo, na acheni matundu ya hewa kati ya dari na bati, yenye wavu wa kuzuia popo na panya. Bati likipakwa rangi nyeupe hurudisha jua lilikotoka.

La nne, msifunge baraza ili mpate chumba kimoja zaidi. Baraza ndiyo kofia ya ukuta. Madirisha mapya yatazame kaskazini na kusini, kwa maana jua kali la asubuhi na la jioni hupiga mashariki na magharibi. Huko Katanga, katika miezi ya baridi jua hupita upande wa kaskazini; dirisha la upande huo huingiza joto la bure. Upande wa magharibi pandeni mwembe au mparachichi.

La tano, jiko. Mbabula ya bati tupu hutupa joto pande zote. Iliyotiwa udongo wa kuchoma ndani yake hutumia makala machache. Sufuria ifunikwe, maharagwe yaloweshwe usiku. Na penye umeme, taa ya LED ya wati 9 huangaza kama ile ya zamani ya wati 60.

Mtu atasema: je, jambo hili linahusu dini? Linahusu. Tarehe 1 Januari 1990 Papa Yohane Paulo II aliufundisha ulimwengu kwamba amani na Mungu haitengani na amani na viumbe vyake. Mwaka 2015 Papa Fransisko aliandika barua Laudato si' juu ya utunzaji wa dunia, akaiita nyumba yetu ya pamoja. Anayebomoa ukuta mzima kwa sababu jirani yake ana ukuta mpya hatumii fedha zake tu. Anatumia pia msitu wa watoto ambao hawajabatizwa bado.

Wazee wetu wa Mpala, wa Kirungu na wa Elisabethville walijenga kuta nene kwa sababu ya uhaba. Sisi tuna uhaba wa namna nyingine: saruji tunaipata, miti inatuishia. Fundi akija kesho na kamba yake ya kupimia, tumwoneshe kwanza yale yasiyoguswa, ndipo tumwoneshe ya kutengenezwa.