Visheti vya Vita

Ujiji haikuanza kulisha askari mwaka 1978. Wazee wetu waliwalisha askari wa Mjerumani. Julai 1916 Wajerumani walipoizamisha wenyewe meli yao, Götzen, na kuikimbia Kigoma, ikaja zamu ya Mbelgiji, aliyekaa hapa hadi 1921. Mahindi, muhogo na mbuzi vilichukuliwa, na kijana wa nyumba akachukuliwa navyo ili avibebe. Bibi yangu hakuwahi kuuita huo mchango.

Mchango niliuona mimi. Majeshi ya Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu Nyerere akatangaza vita tarehe 2 Novemba, na wiki iliyofuata ikawa Idi ya Kuchinja. Nchi nzima watu walikuwa wakitoa: ng'ombe, nafaka, fedha, hata magari. Kwetu Kitongoni balozi wa nyumba kumi alipita na daftari. Jirani mvuvi akaandikisha dagaa wakavu, mwingine mbuzi wake.

Mama akasema atatoa visheti.

"Bi mkubwa, hii vita, si harusi," balozi akacheka.

"Kwani walioko huko hawana Idi, mzee?"

Basi ikawa kazi ya usiku. Tulikata vidonge vya unga uliokandwa kwa samli, tukakandamiza kila kimoja mgongoni mwa uma na kukiviringisha ili kitoke na mistari. Mistari hiyo si pambo tu, ndiyo inayoshika shira. Mama alichemsha sukari mpaka ikawa nzito, akamimina visheti na kuvigeuza kwa mwiko bila kupumzika hadi vikapauka na kulia kama kokoto. Kaimati alizikataa; kesho yake zingechacha. Safari ilikuwa ndefu: treni hadi Tabora, treni nyingine hadi Mwanza, kisha meli hadi Bukoba. Visheti vikavu vinavumilia hayo, mradi visiguswe na maji. Vilitiwa kwenye debe lililotandikwa magazeti, na kifuniko kikafungwa kwa kamba.

Sisi watoto tulitarajia kula kwanza, kitakachobaki kiende vitani. Mama akatufukuza jikoni. Mwanajeshi, alisema, hapewi makombo. Sahani ya Idi anayopelekewa jirani hupakuliwa kabla wenye nyumba hawajaanza kula, na alitaka wale vijana wahesabiwe majirani. Huko Marekani, peremende za Halloween zinazowabakia watoto hukusanywa na kutumwa kwa askari. Si jambo baya, na zinafika nyingi kuliko debe letu. Ila Mama asingelielewa.

Kilichonishangaza baadaye ni sukari. Ile ya debe ilikuwa akiba yetu ya sikukuu, na hakuna aliyeamrishwa kuitoa. Bibi, aliyekua akisikia habari za Mbelgiji, alikaa mlangoni akatazama debe likibebwa begani, akauliza mara mbili kama kweli tumelitoa kwa hiari.

Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Mwalimu akatuomba tufunge mikanda miezi 18. Miezi hiyo ilipita, na sukari ya Idi tuliendelea kuipangia foleni kwa miaka.