Sarafu ya Fedha: Kutoka Mizani ya Mwarabu hadi Kioo cha Mkusanyaji

Shilingi ya fedha ya Afrika Mashariki iliyopigwa mwaka 1925, ikitolewa leo katika sanduku la nyumba ya Nakwa, mjini Babati, huulizwa maswali mawili yasiyofanana. La kwanza, ambalo ni la kale, hutaka kujua ina fedha kiasi gani. La pili, ambalo ni jipya zaidi, hutaka kujua uso wake umebakiza nini tangu siku ilipotoka mtamboni. Swali hilo la pili ndilo huitwa upimaji wa daraja, yaani kuipa sarafu nafasi katika ngazi ya ubora kwa kutazama uchakavu, mikwaruzo na mng'ao wake, na katika Afrika Mashariki kipimo hicho kimeikuta historia ndefu ya upimaji wa namna nyingine kabisa.

Katika karne ya 19, sarafu iliyotawala biashara ya pwani na visiwa ilikuwa riali ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780, ambayo iliendelea kupigwa kwa miaka mingi baada ya kifo chake huku ikibaki na tarehe hiyohiyo. Ilikuwa na uzito wa gramu 28.07, na katika kila sehemu 1,000 za uzito huo sehemu 833 zilikuwa fedha halisi. Kwa kuwa tarehe haikuweza kumwambia mtu lolote, wapokeaji wa pande zote mbili za Bahari ya Shamu walijifunza kuitazama picha yenyewe: walichunguza lulu za taji na zile zinazozunguka pini ya begani, wakaikataa riali ambayo lulu zake zilikuwa zimefutika au hazikutimia. Kwa juu juu desturi hiyo inafanana na kazi ya mkusanyaji wa leo, lakini nia ilikuwa tofauti, kwani aliyehesabu lulu alikuwa akijikinga na bandia pamoja na upungufu wa uzito, wala hakujali kama malkia alikuwa aking'aa.

Rupia ya India, iliyoenea pamoja na biashara ya Wahindi, iliupa upimaji wa uzito nguvu ya sheria. Rupia kamili ilikuwa na gramu 11.66, na chini ya Sheria ya Sarafu ya India ya mwaka 1870 iliendelea kuwa malipo halali ilimradi haijapoteza zaidi ya asilimia 2 ya uzito huo, kiasi kisichofikia hata robo gramu. Hiyo ilikuwa ngazi ya daraja mbili tu, inayofaa na isiyofaa, na mwamuzi wake alikuwa mizani. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipoanza kutoa rupia yake mwaka 1890, haikuthubutu kuugusa uzito uliozoeleka. Ilichobadilisha ni picha, ikamweka upande mmoja Kaisari Wilhelm wa Pili akiwa amevaa kofia ya chuma yenye tai, na upande wa pili simba na mnazi.

Rupia hizo ziliingia bara hasa kwa nguvu ya kodi. Kodi ya nyumba iliyotangazwa mwaka 1897 iliwatoza watu wa vijijini rupia 3 kwa mwaka, na ingawa mwanzoni iliruhusiwa kulipwa pia kwa mazao au kazi, baadaye serikali ya Kijerumani ilisisitiza fedha taslimu. Kwa mkulima na mfugaji wa nchi iliyo kati ya Ziwa Babati na Mlima Kwaraa, rupia ilikuwa kitu cha kupatikana kwa mifugo au kwa kibarua na kurudishwa bomani, ikapita mikono mingi ndani ya muda mfupi. Aprili 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Jenerali van Deventer wa upande wa Waingereza yalipita Ufiome, kama eneo hilo lilivyoitwa katika habari za vita, yakielekea Kondoa, na mwaka huohuo Wajerumani waliopungukiwa na sarafu walikuwa wakipiga za kwao huko Tabora, za shaba nyeupe na hata za dhahabu, lakini si za fedha.

Waingereza walileta shilingi mwaka 1921, rupia moja ikihesabiwa kuwa shilingi mbili, na hapo ndipo fedha yenyewe iliposhuka ghafla. Shilingi mpya yenye simba mbele ya milima ilikuwa na uzito wa gramu 7.78, lakini robo tu ya uzito huo ndiyo iliyokuwa fedha halisi, sawa na gramu 1.94, ilhali rupia ilikuwa na zaidi ya gramu 10 na nusu. Baada ya mwaka 1946 hata robo hiyo iliondolewa, na shilingi zilizofuata zilipigwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Kwa hiyo anayeithamini shilingi ya 1925 kwa mizani peke yake anathamini kitu kidogo sana, na hali hiyo ndiyo iliyoacha nafasi kwa swali la pili.

Swali hilo lilipata tarakimu zake Marekani. Mwaka 1949 William Sheldon alichapisha kitabu kuhusu senti za kale za nchi yake, akapendekeza ngazi ya 1 hadi 70, ambapo 1 ni sarafu inayotambulika kwa shida na 70 ni ile isiyo na dosari hata moja. Hoja yake ilikuwa kwamba senti ya daraja la 70 ilistahili bei mara 70 ya ile ya daraja la 1. Hesabu hiyo ya bei ilikufa mapema kwa sababu soko halikuitii, lakini tarakimu zilibaki, zikaenezwa kwa sarafu za nchi zote, na kuanzia mwaka 1986 makampuni ya kupima yakawa yanaifunga kila sarafu ndani ya kasha la plastiki lenye daraja lake. (Baadaye ilibainika pia kwamba Sheldon mwenyewe alikuwa akibadilisha senti nzuri za makusanyo ya watu na taasisi kwa zake zilizo duni, jambo linaloonyesha kwamba jicho lake la kutofautisha madaraja lilikuwa kali kuliko dhamiri yake.)

Katika ngazi hiyo, 60 hadi 70 ni sarafu ambazo hazijaingia kabisa katika mzunguko. 50 hadi 58 zimeguswa kidogo katika sehemu zilizoinuka. Karibu na 12 maandishi yote husomeka ila picha imelainika. Mpimaji huishika sarafu kwa ukingo na kuiinamisha polepole chini ya taa moja. Ikiwa haijatumika, mistari midogo iliyoachwa na mtambo hurudisha mwanga unaozunguka uso mzima kama spoki za gurudumu la baiskeli. Ikiwa imetumika, mwanga huo hukatika kwanza mahali palipoinuka zaidi. Kwa rupia ya Kijerumani mahali hapo ni tai wa kofia, masharubu na bega la Kaisari; kwa shilingi ni uso na manyoya ya simba, ambako safu ya juu iliyokuwa nyeupe ikiisha, rangi ya mchanganyiko hafifu wa ndani hujitokeza ikiwa na wekundu au umanjano. Simba aliyefifia kwa sababu mtambo haukukandamiza vizuri hana badiliko hilo la rangi, na hapo ndipo mpimaji mzuri anapojulikana.

Kosa linaloshusha thamani kuliko uchakavu ni usafishaji. Fedha hukutana na salfa iliyomo hewani ikafanya utandu wa kahawia, wa buluu au mweusi, na utandu huo ukiwa sawasawa huhesabiwa kuwa ushahidi kwamba uso haujaguswa. Katika nyumba nyingi, hata hivyo, kitu cheusi ni kitu kichafu, kwa hiyo sarafu husuguliwa kwa majivu, ndimu au dawa ya meno hadi itakate. Matokeo yake ni mikwaruzo myembamba isiyohesabika inayoelekea upande mmoja, na makampuni hukataa kuipa sarafu hiyo daraja la kawaida. Hukumu hiyohiyo huikuta rupia iliyotobolewa ili ivaliwe shingoni. Kwa mtazamo wa soko hukumu hiyo inaeleweka, lakini kwa mwanahistoria ina upungufu mkubwa, kwa kuwa tundu na mkunjo ndiyo maandishi pekee ambayo mtumiaji wa bara aliyaongeza juu ya sarafu iliyochorwa na wengine.

Mwaka 1974 Tanzania ilitoa sarafu za fedha za uhifadhi wa wanyama, ya shilingi 25 yenye twiga na ya shilingi 50 yenye kifaru, ambazo zilikusudiwa wakusanyaji badala ya maduka na magulio. Kwa kuwa hakuna aliyezitumia kulipa kodi wala kununua mbuzi, hazina uchakavu wa kupimwa. Mpimaji hutafuta alama za vidole na michubuko ya sarafu zilizogongana kiwandani, na tofauti ya daraja la 68 na la 69 mara nyingi haionekani bila kioo cha kukuzia.