Skuli ya Litowa

Waraka wa Elimu ya Kujitegemea, alioutoa Mwalimu Julius Nyerere mwezi wa Machi 1967, husomwa mpaka leo kama kwamba fikra zake zote zilizaliwa Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya yaliyoandikwa humo yalikuwa yamekwisha kushikishwa jembe kabla ya hapo, katika kijiji cha Litowa, wilaya ya Songea.

Nchi ya Wangoni ilikuwa imezoea kuondokwa. Vita vya Maji Maji vilimalizika mwaka 1907 kwa njaa, baada ya Wajerumani kuwanyonga wazee na majemadari wa Songea mwaka uliotangulia. Miaka iliyofuata, wanaume kwa maelfu walikwenda kuuza nguvu zao katika mashamba ya mkonge ya Tanga, wakaitwa manamba. Aliyepata kisomo naye aliondoka, kwa njia nyengine: darasa lilimfunza ukarani, na ukarani haukuwako kijijini.

Mwishoni mwa mwaka 1960 kikundi cha Vijana wa TANU, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, waliingia porini Litowa ili walime pamoja na kugawana pamoja. Mara ya kwanza walishindwa, chakula kiliwaishia. Wakarudi tena, na safari hii wakakaa. Mwaka 1963 palikuwa na chama chenye jina la Kiingereza, Ruvuma Development Association, kilichofahamika zaidi kwa herufi zake, RDA. Na kufikia 1969 vijiji kumi na saba vilikuwa chini ya mwavuli wake. Mamlaka yalikuwa katika mkutano wa kijiji. Hakuna aliyepewa shamba na serikali, wala hakuna aliyeletwa kwa lori.

Wageni walikuwako, lakini wachache. Anayejulikana zaidi ni Ralph Ibbott, Mwingereza aliyesomea ukadiriaji wa majengo, ambaye kabla ya Songea alikuwa amefanya kazi katika shamba la misheni ya St Faith's, Rhodesia ya Kusini, ambako weusi na weupe walijaribu kulima kwa ushirika. Alikuja na mkewe Noreen na watoto wao, wakaishi kijijini. Alikuwa mshauri. Hadithi yake aliiandika mwenyewe katika kitabu kilichotoka London mwaka 2014. Mashirika ya hisani ya Ulaya, Oxfam ya Uingereza likiwamo, nayo yalisaidia. Vijiji vikawa na mashine ya kusaga nafaka, kiwanda cha kupasulia mbao na karakana.

Msaada huu hautofahamika vyema bila ya kuulinganisha na ule mwengine wa zama zile zile. Baada ya uhuru serikali ilianzisha makaazi mapya ya wakulima, ikiwapa matrekta, nyumba na mameneja. Walowezi wale walikaa wakingojea kuamrishwa, na deni la matrekta wakaliona ni la serikali. Mwaka 1966 mpango huo uliachwa. Litowa watu walianza na jembe la mkono, wakapata njaa yao na mavuno yao, na mashine ilipofika ilikuta kazi imekwisha kuanza. Tofauti haikuwa katika wingi wa fedha tu.

Na skuli? Katika miaka ile nchi nzima ilikuwa ikijenga madarasa kwa nguvu za wananchi. Watu walifyatua matofali, wakaezeka, kisha wakangoja mwalimu asiyekuja; hata serikali ikalazimika kuwazuia wasijenge bila ya idhini. Litowa walianza na suala jengine: mtoto huyu anasomeshwa awe nani? Jawabu lao lilikuwa zito. Wachache tu kati ya waliomaliza skuli za msingi ndio waliopata nafasi ya sekondari, na waliobaki walirudi nyumbani wakijiona wameanguka. Skuli ya Litowa, chini ya mwalimu mkuu Suleiman Toroka, iliamua kuwafundisha wote kwa ajili ya maisha ya vijiji vyao. Watoto wa vijiji vya umoja huo walilala hapo, wakalima shamba lao, wakapanga mambo yao katika vikao vyao, na hesabu wakaisoma katika mazao na mifugo. Walimu waliishi kama wanakijiji. Toroka aliyaeleza hayo mwaka 1968 katika Mbioni, jarida la Chuo cha Kivukoni, na maelezo yake hayana majivuno, ingawa alikuwa na haki nayo.

Nyerere alivipenda vijiji hivi, akavitaja kwa viongozi wenzake. Mapenzi hayo yaliwaletea maadui. Kijiji kinachojiamulia bei, mazao na mtaala kinamwachia nini ofisa wa mkoa? Hapo ndipo fedha za wageni zilipogeuka kisu. Zilikuwa hazipiti mikononi mwa mkoa, na ikawa rahisi kunong'ona kwamba nyuma ya wakulima hawa kuna Wazungu. Shutuma hiyo haikuwatendea haki waliokata miti ya Litowa kwa shoka, lakini ilikuwa shutuma iliyokuwa tayari, na kila mashine iliyotoka ng'ambo iliiongezea ushahidi.

Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikipiga marufuku chama hicho. Vijiji vya ujamaa, ilisemwa, ni kazi ya Chama. Polisi walikwenda kuchukua mali. Mashine ya kusaga, vyombo vya kupasulia mbao na vya karakana vikaondoka, na wageni wakaondoka. Mashine hununuliwa nyengine. Pigo lililouma zaidi halikuhitaji polisi wala gari: walimu wa Litowa walipewa barua za uhamisho, wakatawanywa katika skuli mbali mbali za nchi, na watoto wakarejea vijijini kwao. Kuta zilibaki.

Kati ya vijiji kumi na saba, Matetereka, upande wa kaskazini, kiliendelea kulima pamoja kwa miaka mingi baada ya hapo, bila ya chama na bila ya mfadhili.