Dirisha la Garimoshi

Bariadi haina reli. Mtu wa kwetu atakaye kupanda garimoshi huteremka Malampaka, wilayani Maswa, au huenda Shinyanga, na hapo huingoja treni ya Mwanza. Njia hiyo ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na kwa muda mrefu ndiyo iliyotupeleka vyuoni, jeshini na hospitalini. Pamba yetu ilitoka kwa njia hiyo. Magonjwa nayo yaliingia kwa njia hiyo, na hayo ndiyo ninayotaka kuyazungumza, kwani nimeishi vya kutosha kuona maradhi makubwa mawili yakisafiri, na kuona watu wakilikabili la pili kwa silaha za la kwanza.

Jambo lenyewe ni la kale. Reli ya Uganda ilifika Nairobi mwaka 1899. Mwaka 1902 tauni ikazuka katika mtaa wa maduka ya Wahindi, na wakubwa wakaamuru mtaa uteketezwe kwa moto. Mwaka 1918 homa ya mafua iliyoitikisa dunia nzima ilishuka Mombasa, ikapanda bara kwa reli hiyohiyo. Huku kwetu, jeshi la Kijerumani la von Lettow-Vorbeck lilisalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Watu wake walivushwa Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, wakapandishwa treni hadi Tabora. Fikiri, msomaji: askari aliyeponea risasi kwa miaka minne, vita imekwisha, anafia kambini kwa mafua.

Kipindupindu kilipozuka Rufiji mwaka 1977 na kuenea nchini, mimi nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka Chuo cha Ualimu Butimba miaka michache tu nyuma. Nilisafiri daraja la tatu. Wa rika langu watakumbuka raha ya safari zile ilikuwa wapi. Haikuwa kwenye kiti. Ilikuwa dirishani: Tabora unanunua asali, Saranda unanyoosha mkono unapokea kuku wa kuchoma, na maji ya kunywa unateremka kuyakinga popote yalipo. Kumbe ugonjwa ule huingia kwa mdomo, kwa maji na chakula kilichoguswa na uchafu wa mgonjwa. Mama yangu mkubwa, ambaye hakupata kusoma hata darasa moja, alinifungia matobolwa na chupa mbili za maji yaliyochemshwa, akaniambia, "Baba, usile cha dirishani." Nilimtii mpaka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja, huku wenzangu wakitafuna mapaja ya kuku mbele ya pua yangu.

Basi hiyo ndiyo elimu tuliyobaki nayo: nawa mikono, chemsha maji, funga chakula. Ni elimu njema. Lakini tarehe 16 Machi 2020 serikali ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, kesho yake shule zikafungwa, na stendi na stesheni zikajaa ndoo za maji na sabuni. Kenya ilisimamisha treni za abiria za Mombasa na Nairobi kuanzia Aprili hadi Julai mwaka ule. Kwetu watu waliendelea na safari zao, na baada ya Mei takwimu za wagonjwa hazikutangazwa tena kwa zaidi ya mwaka mzima. Kila mtu akabaki na hesabu ya misiba ya jirani yake.

Korona husafiri zaidi kwa pumzi. Katika chumba kilichofungwa hujikusanya hewani kama moshi wa jikoni. Hata Shirika la Afya Duniani lilichelewa kulitamka hilo waziwazi, mpaka mwaka 2021.

Agosti ya mwaka huo nilimsindikiza dada yangu, mgonjwa wa kisukari, kwenda kutibiwa Dar es Salaam. Chanjo ilikuwa imezinduliwa tarehe 28 Julai, yeye alikuwa bado hajaipata. Abiria walinawa vizuri mno wakati wa kupanda. Usiku, baridi ya Itigi ilipoingia, wakafunga madirisha yote, na mtu mmoja nyuma yetu akawa anakohoa. Nikafungua la kwetu. Binti mwenye mtoto mchanga akasema, "Shikamoo mzee, samahani, mtoto ataumia kwa baridi." Alikuwa na haki yake, na dada yangu alikuwa na yake. Tulibadilishana viti, nikampa blanketi langu, dirisha likabaki wazi vidole vinne hadi Dodoma. Barakoa tulivaa sisi wawili tu. Dada alifika salama; siwezi kusema kama ni dirisha, ni barakoa, au ni Mungu tu.

Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakwenda Dar es Salaam hadi Dodoma, na kipande cha Mwanza hadi Isaka, kinachopita Malampaka, kinajengwa. Nimeipanda. Ni safi, inakimbia, haina mavumbi, na dirisha lake halifunguki. Hewa huletwa na mashine. Itakapofika kwetu, kama bado nina miguu, nitamuuliza kondakta jambo moja kabla sijaketi: mashine hiyo huvuta hewa kutoka nje, au huzungusha hiihii tunayopumua?