Zando: soko lilibomolewa, wauzaji wakabaki barabarani

Kwa Kilingala, zando maana yake ni soko tu. Lakini ukitamka Zando mjini Kinshasa hakuna atakayekuuliza ni soko gani. Ni soko kuu, lile lililo jirani na bustani ya wanyama, pale komini ya Gombe inapokutana na komini za Kinshasa na Barumbu. Januari 2021 liwali wa mji, Gentiny Ngobila, aliamuru lifungwe. Wauzaji waliambiwa watoke na bidhaa zao, kisha mashine za kubomoa zikaingia.

Biashara mahali hapo ni ya zamani kuliko mji wenyewe. Kabla Stanley hajafungua kituo chake mwaka 1881, Wabobangi walikuwa wakishuka mto kwa mitumbwi hadi Pool Malebo, na Wateke wa pale ndio waliokuwa madalali wao: pembe za ndovu, samaki, muhogo, vyungu, na watumwa pia, tusifiche. Wabelgiji walipojenga Léopoldville waliugawa mji mara mbili. Wazungu walikaa upande wa mto, Waafrika upande wa pili, kule kulikoitwa la Cité. Katikati waliacha ukanda wa kutenganisha, na ndani yake wakaweka bustani ya wanyama, uwanja wa gofu, na soko. Usiku mtu mweusi hakuruhusiwa kuvuka bila kibali. Kwa hiyo Zando lilisimama kwenye mstari wenyewe wa ubaguzi, na mchana ndipo miji hiyo miwili ilipokutania.

Baada ya uhuru serikali ilitaka soko la kujivunia. Kati ya mwaka 1968 na 1970 lilijengwa upya kwa michoro ya Eugène Palumbo, Mwitaliano, na Fernand Tala-Ngai, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza wa Kikongomani. Waliinua mapaa ya zege juu ya nguzo, kama miavuli mikubwa iliyopangwa safu kwa safu. Chini yake upepo ulipita, jua halikuchoma, na hapakuhitajika ukuta. Lilikuwa jengo lililoelewa joto la Kinshasa kuliko maghorofa mengi ya vioo yaliyokuja baadaye.

Kosa halikuwa kwenye mapaa. Soko lilipangwa kwa wauzaji wapatao 3,500. Mji uliokuwa na watu karibu 400,000 mwaka 1960 leo unahesabiwa kwa mamilioni zaidi ya 15. Na si wingi wa watu peke yake. Mwaka 1973 Mobutu alinyang'anya wageni maduka na mashamba, akawagawia watu wake, na mengi yalifilisika. Septemba 1991 askari wasiolipwa walipora mji. Mwishoni mwa 1992 ilitoka noti ya zaire milioni 5. Étienne Tshisekedi akasema haina thamani, wafanyabiashara wakaikataa. Januari 1993 askari waliolipwa kwa noti hiyo walikwenda kununua, wakarudishwa mikono mitupu, wakapora tena. Watu waliuawa, na balozi wa Ufaransa akiwa mmoja wao.

Kutoka hapo mshahara wa mwalimu au karani haukulisha tena nyumba. Aliyelisha ni mama, kwa beseni la pondu (huku kwetu sombe), makayabu, nguo za mitumba, na pesa za likelemba zilizozunguka kwa zamu. Kila familia iliyoanguka ilituma mtu mmoja Zando. Ndivyo soko la watu 3,500 lilivyobeba zaidi ya 20,000, meza juu ya meza, hadi njia za kupitia zikafungwa.

Serikali ya mji ilikuwa na hoja. Takataka zilijaa, maji machafu yalisimama, moto ungewaka hapo gari la zimamoto lisingepita. Tangu 2019 Ngobila alikuwa na kampeni yake ya usafi, Kin Bopeto. Kutengeneza kulihitajika. Lakini kutengeneza ni kitu kimoja na kufuta ni kingine. Mitaro ingeweza kuchimbwa na meza kupunguzwa huku miavuli ya Tala-Ngai ikiachwa juu. Kazi ya Mkongomani wa kizazi cha uhuru haikustahili kuvunjwa kama kibanda cha mabati.

Na watu je? Hawakutoweka. Walihamia kando, Kato, Rwakadingi, Bokassa, wakitandaza bidhaa chini hadi magari yakakosa njia. Mwaka ukapita, wa pili, wa tatu, soko jipya likawa bado halijawapokea. Polisi waliwafukuza asubuhi, jioni wakarudi.

Hatari ya kuuzia popote ilionekana tarehe 2 Februari 2022, kwenye soko lingine la mji huo, Matadi-Kibala. Waya wa umeme wa nguvu kubwa ulikatika ukaanguka juu ya wauzaji waliosimama kwenye maji ya mvua. Walikufa watu 26, wengi wao akina mama.

Huku Goma jambo hili halihitaji maelezo marefu. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji na kufunika maduka. Siku chache baadaye watu walikuwa tayari wanauza juu ya mawe yenye joto. Waliokaa Kanyaruchinya au Bulengo walijionea pia: hema zinasimama leo, kesho kuna mama ana vipimo vya unga njiani. Ila lava haikuwa na orodha. Serikali ya mji inayo. Wauzaji wa Zando walilipa kodi ya meza kwa miaka, na risiti wengine bado wanazo. Swali lao miaka hiyo yote ya kusubiri lilikuwa kama risiti hizo zingehesabiwa siku ya kugawa meza mpya, na kwa bei gani, au kama meza zingekwenda kwa wenye mtaji tu, na mama wa beseni aendelee kukaa Kato akimsubiri polisi wa asubuhi.