Chupa Isiyo na Lebo

Mwaka 1821 James Barbour, seneta aliyewahi kuwa gavana wa Virginia, alimwandikia Thomas Jefferson akiwa na ombi. Alikuwa amekunywa bia nyumbani kwa rais huyo mstaafu, kule Monticello, akaipenda, na sasa alitaka aelezwe inavyopikwa. Jefferson alijibu kwamba hana maelezo yaliyoandikwa, na kwamba hadhani mtu anaweza kufaulu kutengeneza kimea na kupika bia kwa kufuata karatasi tu. Kitabu kipo, alisema, lakini atakayekitegemea ajiandae kuharibu mapishi mawili matatu kabla ya kufaulu.

Aliyeijua kazi hiyo pale Monticello hakuwa Jefferson. Alikuwa Peter Hemings, mtumwa wake, ambaye awali alikuwa mpishi wa chakula. Mwaka 1813 Joseph Miller, nahodha aliyetoka Uingereza akakwama Virginia wakati nchi hiyo ikipigana na Marekani, alimfundisha Hemings kuotesha nafaka, kuikausha ikawa kimea, na kuipika. Miaka saba baadaye Jefferson alimwandikia rafiki yake James Madison kwamba amlete mtu wake ajifunze: mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba yangepikwa mapipa matatu ya galoni 60, moja baada ya jingine, na kila pipa lingekuwa somo. Alimsifu mpika bia wake kuwa na akili ya pekee na uwezo wa kufundisha wengine. Sifa hizo hazikumpa Hemings uhuru. Jefferson alifariki mwaka 1826, na Januari 1827 Hemings alipigwa mnada pamoja na mali nyingine. Jamaa yake aliyekuwa huru alimnunua kwa dola moja, na hivyo ndivyo alivyotoka utumwani. Baadaye alijipatia riziki kwa kushona nguo mjini Charlottesville.

Barua hizo zinaonyesha jinsi ufundi huu ulivyokuwa ukisafiri. Mtu alionja kwa jirani, akauliza, kisha akaenda au akamtuma mtu kusimama kando ya sufuria na kutazama. Historia ya bia ya nyumbani nchini Marekani husimuliwa mara nyingi kama historia ya sheria: ilipopigwa marufuku, ilipofunguliwa. Lakini sheria ilikuja nyuma ya watu. Walioifufua bia hiyo katika karne ya 20 walikuwa kwanza wamerudia desturi ya kukutana, kila mmoja na chupa yake, na kuambiana ukweli kuhusu kilichomo ndani.

Desturi hiyo ilikuwa imekatika. Katika karne ya 19 viwanda vikubwa, vingi vikiwa vya wahamiaji wa Kijerumani, vilijaza miji bia ya baridi na ya bei nafuu, na sufuria za nyumbani zikapoa. Januari 1920 Marekani ikapiga marufuku pombe nchi nzima, na hapo watu wakarudi kupika, safari hii kwa kujificha. Kampuni kama Pabst na Anheuser-Busch, zilizokuwa zimezuiwa kuuza bia, ziliuza sharubati nzito ya kimea kwenye makopo, ikidaiwa kuwa ni ya kuokea mikate. Kila muuza duka alijua inakoenda. Wengi waliichanganya na sukari na hamira ya mkate, wakaificha sakafu ya chini ya nyumba na kuomba chupa zisipasuke usiku. Nani angethubutu kumpelekea jirani aionje na kuikosoa?

Marufuku ilipofutwa Desemba 1933, divai ya nyumbani ikaruhusiwa. Bia ikaachwa nje. Kwa miaka 45 Mmarekani aliweza kusindika zabibu sebuleni kwake bila hofu, ilhali aliyechemsha shayiri jikoni alikuwa mvunja sheria machoni pa serikali kuu.

Uingereza ilikuwa na kikwazo cha namna nyingine. Tangu mwaka 1880, chini ya waziri mkuu Gladstone, aliyetaka kupika bia nyumbani alipaswa kukata leseni. Mwaka 1963 waziri wa fedha Reginald Maudling aliifuta, na ghafla kukawa na maduka ya vifaa, vitabu na vikundi vya wapikaji. Kimoja kati ya hivyo, Durden Park Beer Circle, kilianzishwa mwaka 1971 na watu waliojipa kazi ya pekee: kufukua maelezo ya bia za karne zilizopita, kuzipika upya na kukaa pamoja kuzionja. Bia nyeusi na nzito ambazo viwanda vilikuwa vimeacha kuzitengeneza zilirudi mezani kwa njia hiyo, na mwaka 1976 kikundi kikachapisha maelezo yake ili mwingine yeyote ajaribu.

Kijana mmoja Mmarekani aliichota hamasa hiyo ya Uingereza kutoka kwenye chanzo chake. Jack McAuliffe alikuwa mwanamaji aliyepangiwa kazi Scotland katika miaka ya 1960. Alizipenda bia za huko, akajifunza kuzipika, akarudi kwao ambako karibu kila bia ya dukani ilikuwa nyepesi na ya rangi moja. Mwaka 1976, mjini Sonoma, California, alianzisha kiwanda kidogo alichokiita New Albion. Kilifungwa mwaka 1982. Hata hivyo, kabla hakijafungwa, watu wengi walikuwa wamefika kutazama vyombo alivyoviunga kwa mikono yake na kuonja alichokipika.

California hiyohiyo ndiko wapikaji wa nyumbani walikoanza kujipanga. Mwaka 1974, huko Woodland Hills, Los Angeles, Merlin Elhardt aliwakusanya wenzake katika duka la vifaa vya divai na bia la John Daume, wakaunda klabu ya Maltose Falcons. Ndiyo klabu kongwe zaidi ya wapika bia wa nyumbani Marekani, na ingali hai. Walichofanya hakikuwa na fahari: walileta bia, wakamiminiana, wakaulizana. Umeloweka kimea katika joto gani? Hopsi, yale maua ya kutia uchungu, umezitia lini? Hamira umeipata wapi? Swali la hamira lilikuwa zito kuliko yote, kwa sababu hamira nzuri ya bia ilikuwa adimu, na aliyekuwa nayo aliwagawia wengine. Vitabu navyo vilikuwa vya kuhesabu. Cha Fred Eckhardt wa Portland, Oregon, kuhusu bia za aina ya lager, kilichotoka mwaka 1970, kilipita mkono hadi mkono kati ya watu ambao kwa mujibu wa sheria hawakupaswa kukihitaji.

Sheria ilibadilika kimyakimya. Seneta Alan Cranston wa California alikubali kulibeba suala la bia ya nyumbani, nalo likapachikwa kwenye muswada wa kodi namba H.R. 1337, likikaa jirani na malori, mabasi, matrekta na mafuta ya ndege za kunyunyizia mashamba dawa. Rais Jimmy Carter aliutia saini tarehe 14 Oktoba 1978, na ukaanza kutumika Februari 1979. Mtu mzima mmoja aliruhusiwa galoni 100 kwa mwaka, sawa na lita 379 hivi, na nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi galoni 200, bila kodi, ili mradi asiuze.

Yanayostahili kusomwa kwa makini zaidi ni masharti ya utekelezaji. Yanasema bia hiyo inaweza kutolewa nje ya nyumba ilikopikwa kwa matumizi ya mwenyewe au familia, pamoja na kupelekwa kwenye mikusanyiko, maonyesho, mashindano na hafla za kuonja. Serikali kuu ilikuwa imeelewa kwamba bia isiyovuka kizingiti cha mlango haiwezi kuboreka. Baadhi ya majimbo yalichelewa sana kulielewa hilo.

Wiki chache baada ya saini hiyo, tarehe 7 Desemba 1978, huko Boulder, Colorado, Charlie Papazian na Charlie Matzen walitoa toleo la kwanza la jarida lao Zymurgy na kutangaza kuzaliwa kwa American Homebrewers Association. Papazian alikuwa amesomea uhandisi wa nyuklia chuo kikuu cha Virginia, lakini kazi yake ilikuwa kufundisha watoto. Jioni aliwafundisha watu wazima kupika bia, na madarasa hayo yalikwishaanza tangu miaka ambayo jambo lenyewe lilikuwa haramu. Mashindano ya kwanza ya kitaifa yalifanyika Boulder mwaka 1979. Kitabu chake cha mwaka 1984 kiliwafikia watu ambao hawakuwa na klabu jirani.

Mashindano yalileta tatizo ambalo urafiki ulikuwa umelificha. Rafiki akionja bia yako husema "nzuri", na hapo somo limekwisha. Ili kusaidia, mwonjaji anahitaji kujua bia hiyo ilikusudiwa iwe nini, na awe na maneno ya kueleza ilipokosea. Kitabu cha Mwingereza Michael Jackson cha mwaka 1977, kilichozipanga bia za dunia kwa aina na maeneo yake, kiliwapa msingi wa sehemu ya kwanza. Kwa sehemu ya pili, mwaka 1985 kulianzishwa Beer Judge Certification Program, mpango wa kuwatahini waonjaji kabla hawajakaa mezani.

Mbele ya waonjaji huletwa chupa ya kahawia isiyo na lebo, ina namba tu. Hawajui ni ya nani. Bia humiminwa kwenye vikombe vidogo, na kabla ya kuinywa mwonjaji huinusa, kwa sababu harufu ya mwanzo hupotea upesi. Kama ni baridi mno hukizungushia kikombe viganja ili ipate joto kidogo na kuachia kilichojificha. Huitazama kwenye mwanga: rangi, uangavu, povu linavyokaa. Ndipo huonja, na humeza, maana uchungu wa hopsi huendelea kuhisika baada ya kumeza. Kila mmoja huandika peke yake kabla ya kuzungumza na mwenzake, asije akafuata maoni ya mwenye sauti kubwa. Alama ni 50 kwa jumla: 12 za harufu, 3 za mwonekano, 20 za ladha, 5 za jinsi inavyohisika mdomoni, na 10 za bia nzima.

Alama hutoa mshindi. Maandishi ya pembeni ndiyo yanayomsaidia aliyeshindwa.

Tuseme mwonjaji ameandika "siagi". Mpikaji aliyezoea ufundi huelewa mara moja. Hamira inapofanya kazi huacha kemikali yenye harufu ya siagi, na ikipewa muda huirudia na kuimaliza. Aliyeharakisha kuipoza bia ameizima hamira kabla haijasafisha, na dawa yake ni kuiacha kwenye joto siku mbili tatu zaidi. "Mahindi ya kuchemsha" kwa kawaida humaanisha sufuria ilifunikwa wakati wa kuchemsha, mvuke wenye harufu hiyo ukakosa pa kutokea. "Tufaha bichi" ni dalili ya bia iliyotiwa kwenye chupa ikiwa changa, na "boksi lililolowa" ni ya hewa iliyoingia wakati wa kuijaza. Mpikaji hawezi kuyagundua yote haya peke yake, kwa kuwa anayekunywa bia yake kila siku huizoea mpaka kasoro inageuka kuwa ladha ya nyumbani. Pua ya mgeni haina mazoea hayo. Mwanamke anayepika mbege au busaa kwa kimea cha ulezi anafahamu vizuri uzito wa neno la mnywaji wa kwanza, na pengine angeshangaa kuona lilivyogeuzwa kuwa fomu yenye alama.

Matunda ya mazoezi hayo yalionekana sokoni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Marekani nzima ilikuwa na kampuni za bia chini ya 100. Leo viwanda vidogo pekee vinapita 9,000, na idadi kubwa ya waanzilishi wake walianzia kwenye jiko la nyumbani. Ken Grossman alifungua duka la vifaa vya kupikia bia mjini Chico, California, mwaka 1976, akaenda kuona New Albion ilivyoungwa, na mwaka 1980 akaanzisha Sierra Nevada pamoja na Paul Camusi. Bia yao ya pale ale, yenye hopsi za aina ya Cascade, waliipika na kuimwaga tena na tena hadi kila pipa lilipofanana na lililotangulia. Nidhamu ya kumwaga kazi ya mikono yako kwa sababu ladha haijakaa sawa hupatikana kwa mtu aliyezoea kusikia hukumu.

Vikwazo havikwisha. Posta ya Marekani hairuhusiwi kubeba pombe, kwa hiyo chupa za kubadilishana haziwezi kupitia huko. Mwaka 2010 huko Oregon, jimbo la Fred Eckhardt, mojawapo ya yale yanayosifika zaidi kwa bia, wanasheria wa serikali walitafsiri sheria ya jimbo kwamba bia ya nyumbani isinywewe nje ya nyumba ilikopikwa. Mashindano ya bia kwenye maonyesho ya jimbo yakafutwa mwaka huo, na klabu zikasimamisha hafla za kuonja. Hakuna aliyewakataza kupika, lakini walihisi wamenyang'anywa shughuli nzima. Waliwafuata wabunge wao, na Machi 2011 sheria mpya ikaruhusu tena bia kutoka nje na kuonjwa.

Majimbo ya mwisho kuhalalisha kupika kwenyewe yalikuwa Mississippi na Alabama, mwaka 2013, miaka 35 baada ya saini ya Carter. Alabama iliruhusu galoni 15 tu kwa nyumba kila miezi mitatu, yaani mapishi matatu ya kawaida ya galoni tano. Sheria hiyohiyo iliacha mlango wazi kwa chupa zinazopelekwa kwenye mashindano.